Wasifu wa Yeronimo: Kusoma Kama Nidhamu ya Kiroho

Maelekezo: Soma wasifu ufuatao kwa makini, kisha jibu maswali yaliyo mwishoni. Kumbuka kwamba wasifu ni maelezo ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine. Unaposoma, zingatia mfuatano wa matukio, sababu za kila hatua aliyoichukua mhusika, na funzo linalojitokeza. Mtahini hupenda kuuliza mambo hayo matatu.

Utangulizi

Huenda unasoma ukurasa huu usiku, wenzako wamekwisha kulala, na kando yako kuna daftari la somo usilolipenda. Umelifungua na kulifunga mara kadhaa wiki hii. Kama ndivyo ilivyo, basi mtu utakayesoma habari zake hapa hatakuwa mgeni kwako, ingawa alifariki zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Naye aliwahi kufunga kitabu kwa hasira akaapa kutokifungua tena. Kisha akakifungua.

Mtu huyo ni Yeronimo, ambaye wengine humwita Jeromu. Jina lake kwa Kilatini lilikuwa Eusebius Hieronymus. Anakumbukwa hasa kwa kuitafsiri Biblia kwa Kilatini. Katika wasifu huu, hata hivyo, tutafuatilia swali jingine: ilikuwaje mtu aliyesoma kwa ajili ya sifa akageuka kuwa mtu aliyesoma kama anavyosali? Hata kama wewe si Mkristo, swali hilo linakuhusu, kwa sababu kila mwanafunzi husoma kwa sababu fulani, na sababu hiyo humjenga au humbomoa.

Kuzaliwa na elimu ya awali

Yeronimo alizaliwa karibu na mwaka 347 katika mji mdogo wa Stridon, mpakani mwa majimbo ya Kirumi ya Dalmatia na Panonia, upande wa mashariki wa Bahari ya Adriatiki. Mji huo uliharibiwa na Wagothi wakati yeye mwenyewe angali hai, na leo hakuna mwenye hakika ulikuwa mahali gani hasa.

Wazazi wake walikuwa Wakristo wenye mali. Walipoona kwamba mtoto wao ana akili nyepesi, walimpeleka Roma akiwa bado mdogo. Huko alifundishwa na Donatus, mwalimu mashuhuri ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kilatini kilitumika katika shule za Ulaya kwa karne nyingi. Baada ya sarufi alisoma balagha, yaani sanaa ya kusema na kuandika kwa ufasaha. Katika zama zile, kijana aliyeiweza balagha alikuwa na njia nyeupe ya kupata kazi mahakamani au serikalini. Wazazi wake walimtazamia huko.

Yeronimo alizipenda sana kazi za waandishi wakubwa wa Kilatini, hasa Cicero na Virgil. Kumbuka kwamba wakati huo hapakuwa na mashine ya kuchapia. Kila kitabu kilinakiliwa kwa mkono, na bei yake ilikuwa kubwa. Yeronimo alinunua vingine na vingine akavinakili mwenyewe, mstari baada ya mstari, hadi akapata maktaba yake binafsi. Siku za Jumapili yeye na wenzake walishuka kwenye makaburi ya chini ya ardhi ya Roma kuyazuru masalia ya mashahidi wa imani. Alibatizwa katika mji huohuo. Kwa hiyo alikuwa Mkristo na alikuwa msomi, lakini mambo hayo mawili yalikaa ndani yake kama wapangaji wawili wasiosalimiana.

Ndoto ya Antiokia

Baada ya masomo alisafiri hadi Trier, mji wa kaskazini uliokuwa makao ya Kaisari. Huko akaanza kuvutiwa na maisha ya utawa. Kisha alikaa Aquileia, kaskazini mwa Italia, pamoja na kundi la marafiki waliofunga, waliosali na kusoma pamoja. Miongoni mwao alikuwamo Rufinus, rafiki wa tangu ujana. Likumbuke jina hilo, kwani tutakutana nalo tena.

Kundi hilo lilipovunjika, karibu na mwaka 373, Yeronimo alifunga safari kwenda mashariki. Aliacha nyumba, wazazi, dada na chakula kizuri. Kitu kimoja tu kilimshinda kukiacha, nacho ni maktaba yake. Alifika Antiokia, katika Shamu, akiwa amechoka. Wenzake wawili wa safari walifariki, naye akashikwa na homa kali katikati ya mfungo wa Kwaresima.

Katika homa hiyo aliota yuko mbele ya kiti cha hukumu. Alipoulizwa yeye ni nani, alijibu kuwa ni Mkristo. Hakimu akamkatalia, akamwambia kuwa yeye ni mfuasi wa Cicero na si wa Kristo, maana moyo wa mtu huwa mahali ilipo hazina yake. Akaamuru achapwe viboko. Yeronimo alizinduka akilia, akiwa ameapa kwamba hatavisoma tena vitabu vya kipagani.

Hapa mtahiniwa anaweza kujikwaa. Usiandike kwamba ndoto hii ilimfanya Yeronimo aichukie elimu. Ukweli ni kwamba aliendelea kusoma kwa bidii kuliko awali, na kumbukumbu ya waandishi wale haikumtoka kamwe. Hata maadui zake baadaye walimcheka kwa kuwataja Virgil na Cicero mara kwa mara katika maandishi yake. Kilichobadilika ni swali alilojiuliza. Zamani alijiuliza atasomaje ili asifiwe. Sasa alianza kujiuliza kusoma kwake ni kwa ajili ya nani.

Jangwani na herufi chungu

Karibu na mwaka 375 aliingia katika jangwa la Chalcis, mashariki ya Antiokia, akaishi kama mtawa kwa miaka michache. Alidhani upweke na njaa vingemtuliza. Haikuwa hivyo. Mwili ulikonda, lakini mawazo yake yalirudi Roma kwenye ngoma na anasa alizoziona ujanani. Kufunga peke yake hakukutosha. Akili iliyozoea kazi ilihitaji kazi.

Akachukua uamuzi uliobadilisha maisha yake. Miongoni mwa watawa alikuwamo Myahudi aliyekuwa ameupokea Ukristo. Yeronimo, msomi wa Roma, alijiweka chini ya mtu huyo awe mwanafunzi wake, akaanza kujifunza Kiebrania kuanzia herufi ya kwanza.

Jaribu kuiona hali hiyo. Huyu ni mtu aliyezoea sentensi tamu za Cicero. Sasa anakaa kama mtoto wa darasa la kwanza, akijifunza sauti za kooni na za kukwaruza ambazo ulimi wake haukuzijua, katika lugha inayoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, bila kamusi na bila kitabu cha sarufi. Alikata tamaa mara nyingi. Aliacha, kisha kwa hamu ya kujua akaanza tena. Uzeeni, alipoukumbuka wakati huo, alimshukuru Mungu kwamba mbegu ile chungu ilimzalia matunda matamu.

Hapo ndipo kusoma kulipokuwa kwake nidhamu ya kiroho. Alitumia Kiebrania kama wengine walivyotumia mfungo, yaani kuzitiisha tamaa na kiburi. Somo lenyewe halikumpa sifa yoyote, kwa sababu ni Wakristo wachache wa Kilatini walioliona kuwa na maana. Lilimdai saa zake, subira yake na heshima yake.

Roma na darasa la wanawake

Magomvi ya watawa kuhusu mafundisho ya imani yalimtoa jangwani. Alirudi Antiokia, ambako alipewa upadri, kisha akaenda Konstantinopoli. Huko alimsikiliza Gregori wa Nazianzo, mmoja wa walimu wakubwa wa Kanisa la Mashariki. Mwaka 382 alifika tena Roma, na Papa Damasus akamfanya karani wake.

Damasus aliona tatizo ambalo Yeronimo angeweza kulitatua. Wakristo wa Magharibi walisoma Biblia kwa Kilatini, lakini tafsiri zilikuwa nyingi na zilihitilafiana. Wanakili walikuwa wamekosea, wengine wamesahihisha kwa kubahatisha, hata nakala moja haikulingana na nyingine. Yeronimo aliagizwa kuzisahihisha Injili nne kwa kuzilinganisha na nakala za kale za Kigiriki. Kazi hiyo aliikabidhi mwaka 384.

Wakati huohuo alianza kufundisha. Kwenye kilima cha Aventino aliishi mjane mmoja wa ukoo wa heshima, Marcella, ambaye nyumba yake ilikuwa mahali pa sala na masomo. Marcella hakukubali jibu kwa sababu tu limetolewa na mwalimu mkubwa. Aliuliza, akahoji, akauliza tena, hadi Yeronimo akamwona kuwa ni hakimu zaidi kuliko mwanafunzi. Yeronimo alipoondoka Roma, watu wenye ubishi juu ya Maandiko walikwenda kwa Marcella kutafuta ufumbuzi.

Mwanafunzi mwingine alikuwa Paula, mjane tajiri na mama wa watoto watano, pamoja na binti yake Eustochium. Paula alijifunza Kiebrania hadi akaweza kuimba Zaburi katika lugha hiyo bila lafudhi ya Kilatini. Yeronimo alikiri kwamba yeye, aliyekuwa ameihangaikia lugha hiyo tangu ujana, hakufikia wepesi huo.

Kipindi hiki kilikuwa na doa pia. Blesilla, binti mwingine wa Paula, aliyafuata maisha ya kufunga sana yaliyohimizwa na Yeronimo, na baada ya miezi michache akafariki. Watu wa Roma waliwalaumu watawa kwa kifo cha msichana huyo. Yeronimo naye alikuwa amekwisha kuwachoma mapadri wengi wa mjini kwa maneno makali. Damasus alipofariki mwishoni mwa mwaka 384, Yeronimo alibaki bila mlinzi. Mwaka 385 alilazimika kuondoka.

Kazi kubwa Betlehemu

Paula na Eustochium waliungana naye katika safari. Walizuru Palestina, wakafika Misri, na huko Aleksandria Yeronimo alimsikiliza Didimo, mwalimu aliyekuwa kipofu tangu utotoni lakini aliyeyajua Maandiko kwa moyo. Mwaka 386 walikaa Betlehemu. Kwa mali ya Paula zilijengwa monasteri ya wanaume, nyumba za watawa wa kike, na nyumba ya kuwapokea wasafiri. Yeronimo aliishi hapo miaka yake 34 iliyobaki.

Karibu na mwaka 390 alianza kuyatafsiri vitabu vya Agano la Kale moja kwa moja kutoka Kiebrania. Kabla yake, tafsiri za Kilatini zilitoka katika Kigiriki, yaani zilikuwa tafsiri ya tafsiri. Yeye alitaka kuchota maji kwenye chemchemi yenyewe. Kazi ilimchukua takriban miaka 15, hadi mwaka 405.

Angalia jinsi alivyoifanya. Hakuridhika na Kiebrania alichokijua. Alimlipa mwalimu Myahudi aliyeitwa Bar Anina, ambaye alimfundisha usiku, kwa kuwa aliogopa wenzake wasimwone akimfundisha Mkristo. Kwa ajili ya kitabu cha Ayubu, chenye Kiebrania kigumu, alimlipa mwalimu mwingine kutoka Lida. Alipofikia kitabu cha Tobiti, kilichokuwa katika Kiaramu, alimtafuta mtu aliyejua Kiaramu na Kiebrania. Huyo alikisema kwa Kiebrania, Yeronimo akamtajia karani kwa Kilatini, na kazi ikaisha kwa siku moja.

Kiaramu chenyewe kilikuwa kimekwisha kumtesa. Sehemu ya kitabu cha Danieli imeandikwa kwa lugha hiyo, na alipoanza kujifunza alichoka kiasi cha kutaka kuidharau kazi yake yote ya nyuma. Mwalimu wake Myahudi alimtia moyo tena na tena kwamba bidii isiyokoma hushinda kila kitu. Yeronimo akarudi kuwa mwanafunzi. Hata hivyo alikiri waziwazi kwamba Kiaramu alikisoma na kukielewa vizuri kuliko alivyoweza kukitamka. Msomi wa kweli hujua mpaka wa ujuzi wake na haoni haya kuutaja.

Mtango wa Yona

Usidhani kila mtu alimshukuru. Wakristo wengi walikuwa wamezizoea tafsiri za zamani, na maneno yake mapya yaliwachoma masikioni.

Mfano mmoja utaukumbuka kwa urahisi. Katika kitabu cha Yona, sura ya 4, Mungu anauotesha mmea ili umpe Yona kivuli. Biblia ya Kiswahili iliyozoeleka huuita mtango, na tafsiri za zamani za Kilatini nazo ziliutaja mmea wa jamii hiyo. Yeronimo aliona kwamba neno la Kiebrania lina maana ya kichaka chenye majani mapana, kinachokua upesi na kusimama kwa shina lake chenyewe. Wataalamu wengi wa leo wanadhani ni mbarika, ambao wengine huuita mnyonyo. Kwa maelezo yake mwenyewe, Kilatini hakikuwa na jina lake, hivyo akachagua jina la mmea mwingine utambaao ukutani.

Tafsiri hiyo iliposomwa kanisani katika mji wa Oea, ambao leo ni Tripoli nchini Libya, waumini walifanya ghasia. Askofu wao nusura abaki bila watu wa kuwaongoza. Augustino, askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alimwandikia Yeronimo habari hizo, akimshauri asiwavuruge waumini. Yeronimo alimjibu kwa ukali, akaueleza mmea wenyewe na sababu za kulichagua neno lake. Wanaume hao wawili hawakuwahi kuonana ana kwa ana, na barua zao za mwanzo zilikuwa na miiba. Lakini waliendelea kuandikiana, na kadiri miaka ilivyopita heshima kati yao iliongezeka.

Siku alipoviweka vitabu kando

Mwaka 404 Paula alifariki. Alikuwa ametumia mali yake yote kwa maskini na monasteri, akamwachia Eustochium madeni. Yeronimo alihuzunika kiasi cha kushindwa kufanya kazi kwa muda.

Pigo jingine lilikuja mwaka 410. Wagothi wakiongozwa na Alariki waliuteka mji wa Roma. Marcella, mzee sasa, alipigwa na askari walioingia nyumbani kwake kutafuta dhahabu, na muda mfupi baadaye akafariki. Wakimbizi walianza kumiminika Palestina. Watu waliokuwa matajiri jana walifika Betlehemu wakiomba mkate.

Yeronimo wakati huo alikuwa ameshika kazi ya kufafanua kitabu cha Ezekieli. Akaisimamisha. Aliona kwamba maneno ya Maandiko yanapaswa sasa kugeuzwa kuwa matendo, na kwamba haifai kusema mambo matakatifu bila kuyatenda. Mchana aliwapokea wakimbizi. Usiku, kwa saa alizoziiba kutoka kwenye usingizi, alirudi kwenye Ezekieli kwa mwanga wa taa. Macho yake ya uzee hayakuziona vizuri herufi ndogo za Kiebrania, na vitabu vya Kigiriki alisomewa na watawa wenzake. Ufafanuzi huo ulikamilika karibu na mwaka 414.

Hiki ndicho kilele cha wasifu huu. Kijana aliyeshindwa kuiacha maktaba yake alipokwenda jangwani alikuwa sasa mzee anayeweza kukiweka kitabu mezani kwa sababu mtu mwenye njaa yuko mlangoni, na bado akakirudia usiku.

Udhaifu wake

Mwandishi mwaminifu wa wasifu hafichi makosa ya mhusika. Yeronimo alikuwa mwepesi wa hasira na mkali wa kalamu. Rufinus, rafiki wa ujana, alikosana naye juu ya mafundisho ya Origene, mwalimu wa kale wa Aleksandria. Walipatanishwa mara moja, wakagombana tena, wakaandikiana vitabu vya matusi. Rufinus alipofariki, Yeronimo hakuacha kumsema vibaya.

Mtu aliyejifunza Kiebrania ili kukitiisha kiburi chake hakufaulu kuutiisha ulimi wake. Jambo hili liandike katika daftari lako. Nidhamu ya masomo ilimsaidia kuwa mvumilivu mbele ya kitabu. Uvumilivu mbele ya mwenzake aliyemkosea ulikuwa somo jingine, na alilifanya vibaya.

Kifo na urithi wake

Mwaka 416 watu wenye silaha walizivamia monasteri za Betlehemu, wakazichoma moto na kumuua shemasi mmoja. Yeronimo alinusurika kwa kukimbilia kwenye mnara. Miaka michache baadaye Eustochium naye alifariki. Yeronimo aliendelea kuandika ufafanuzi wa kitabu cha Yeremia, lakini hakuumaliza. Kwa mapokeo, alifariki tarehe 30 Septemba mwaka 420.

Biblia ya Kilatini iliyotokana na kazi yake ilikuja kuitwa Vulgata, yaani iliyoenea kwa watu wote. Ilisomwa Ulaya Magharibi kwa zaidi ya miaka 1,000, na ndiyo Biblia iliyochapwa na Gutenberg karibu na mwaka 1455. Zingatia kwamba si yote ilitoka mikononi mwake. Vitabu vya Agano Jipya vilivyo nje ya Injili, kwa mfano, vilishughulikiwa na wengine. Mwaka 2017 Umoja wa Mataifa uliitambua tarehe 30 Septemba kuwa Siku ya Kimataifa ya Tafsiri.

Pia utaona picha nyingi zinazomwonyesha Yeronimo akiwa na simba. Hiyo ni hekaya iliyozuka karne nyingi baada ya kifo chake. Ukiulizwa habari za maisha yake, usiitaje kama tukio la kihistoria.

Mambo ya kukumbuka

(a) Sababu ya kusoma: Ndoto ya Antiokia ilimfanya ajiulize anasoma kwa ajili ya nani. Jiulize swali hilo kabla hujafungua daftari usiku wa leo. Cheti ni sababu halali, lakini kuna mtu atakayehitaji ujuzi wako baada ya cheti kupatikana.

(b) Kuanza upya: Aliacha Kiebrania mara nyingi. Tunamkumbuka kwa sababu kila alipoacha, alirudi tena.

(c) Kukubali kufundishwa: Alijifunza kwa Bar Anina usiku, akamsikiliza kipofu Didimo, akakubali kuhojiwa na Marcella na kupitwa na Paula. Mwenzako wa dawati anayejua hesabu kuliko wewe ni mwalimu wako.

(d) Kufunga kitabu: Wakimbizi walipofika, aliwahudumia kwanza. Kusoma kusikokufanya uione shida ya mtu wa nyumbani kwenu kuna kasoro.

(e) Tahadhari: Elimu haiondoi hasira. Usije ukashinda mtihani na kumpoteza Rufinus wako.

Maswali ya kujipima

1. Kwa kutumia hoja mbili, eleza kwa nini si sahihi kusema kwamba ndoto ya Antiokia ilimfanya Yeronimo aichukie elimu.

2. Yeronimo alijifunza Kiebrania jangwani kwa sababu gani? Onyesha jinsi sababu hiyo inavyotofautiana na sababu yake ya kusoma balagha.

3. Eleza mchango wa Marcella na Paula katika maisha ya kisomi ya Yeronimo.

4. Kisa cha mmea wa Yona kinatufunza nini kuhusu ugumu wa kutafsiri? Toa mfano mmoja wa neno la Kiswahili ambalo unaona ni gumu kulitafsiri katika lugha nyingine unayoijua.

5. Kwa nini mwandishi anauita mwaka 410 na miaka iliyofuata kilele cha wasifu huu?

6. Fupisha sehemu yenye kichwa "Kazi kubwa Betlehemu" kwa maneno yasiyozidi 70.

7. Andika wasifu wa mtu wa kijijini au mtaani kwenu, ambaye sasa ni marehemu, aliyejifunza jambo gumu akiwa mtu mzima. Taja pia udhaifu wake mmoja kwa lugha ya heshima. Maneno yasizidi 300.